Ampu ya mazoezi ya Jumapili: ya taa au ya kidijitali?

Kamba Sita (Sakina)
Wadau wa nyuzi, habari za jioni. Mnaokuja kwenye mazoezi ya wazi ya Jumapili hapa Sakina mnaijua hali ilivyo. Ampu yetu ya gitaa, ya transista, inakoroma, koni ya spika imechanika, na fundi wa mwisho aliibandika kwa gundi ya viatu. Tumekubaliana tuchange tununue moja ya pamoja, na wenzetu wa Moshi wanaopanda huku wikiendi nao wamo kwenye mchango. Kambi moja inataka ampu ya taa (zile chupa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista), wati 15 hadi 40. Nyingine inataka ya kidijitali yenye kila sauti ndani yake.

Mimi niko upande wa taa, sifichi. Ila hata mimi hizi za siku hizi zinanitia shaka. Bodi nyembamba, chaneli nne ambazo tatu hakuna anayezigusa, na trebo ikivuka saa sita inachoma masikio. Kwa hiyo swali ni hili: ampu za taa za sasa bado zina ile sauti, au tunanunua jina? Leteni hoja. Matusi tuwaachie watu wa mpira.

Chalii wa Mianzini
Hoja fupi: sahauni taa. Fender wenyewe mwaka 2019 walitoa Twin Reverb ya kidijitali, wakaiita Tone Master, ina kilo kama 15 hivi. Ile ya taa inakaribia kilo 30. Nani anaibeba kutoka barabarani mpaka ndani? Bodaboda gani inapakia? Na kama mchango ukigoma, Neural Amp Modeler ni programu ya bure kabisa. Laptopu, kadi ya sauti, umemaliza. Kelele za taa ni za wazee wanaolilia ujana wao.

Mzee Rithim
"Wazee wanaolilia ujana wao." Nimerudia kuisoma nihakikishe macho yangu.

Kijana wangu, ujana wangu siulilii, niliutumia wote. Sehemu kubwa niliutumia nyuma ya gitaa la rithim, kwenye kumbi ambazo wewe leo unazijua kama maduka ya simu. Hizo kilo unazozihesabu tulikuwa tunazibeba. Bendi ilikuwa na vijana wa kubeba, wasipotokea tunabeba wenyewe, na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Ampu ya taa niliisikia kabla sijaiona, nimesimama nje ya ukumbi kwa sababu kiingilio sikuwa nacho. Ile sauti ilikuwa na nyama. Ukiugusa uzi kidogo inaongea kidogo, ukipiga kwa hasira nayo inakukasirikia. Laptopu yako ikikasirika inaomba kusasishwa.

Chalii wa Mianzini
Shikamoo mzee. Mbona sikutaja jina la mtu?

Mzee Rithim
Marahaba. Umerusha jiwe gizani, umesikia yalaa. Ndiyo mimi huyo.

Kobazi
Mimi nimekaa pale, endeleeni.

Fundi Mzunguko (Kaloleni)
Naona mnapimana umri. Mimi hizi ampu nazifungua kwa mikono yangu, niseme ninayoyaona ndani.

Taa zenyewe bado zinatengenezwa, ila viwanda vimebaki vya kuhesabu. JJ kule Slovakia, kile cha Saratov Urusi, na vya China. Hiyo taa ya ECC83, ambayo Wamarekani wanaiita 12AX7, na EL34, na 6L6, zote zinatoka hukohuko. Ukinunua taa mpya imeandikwa Mullard usijidai umeshika Uingereza. Jina lilinunuliwa, taa inatoka Saratov. Machi 2022 Urusi ilipozuia kuuza nje, watu dunia nzima walizificha taa kama sukari ya kabla ya mfungo, na bei ikapanda. Mtu anayetaka taa ajue kwamba ananunua na utegemezi huo.

Sasa ujenzi. Kinachoziua nyingi za sasa si taa, ni soketi ya taa kupachikwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi. Taa ya nguvu inachemka, bodi nayo inachemka, ukizima inasinyaa, mwisho risasi ya kulehemia inapata ufa ambao kwa macho huuoni. Mteja anakuja anasema "inakatakata, labda kebo". Za zamani soketi ilifungwa kwenye chasisi ya chuma, waya ndio uliokwenda kwenye bodi. Sisemi bodi iliyochapwa ni mbaya. Nene, yenye soketi kwenye chasisi, inadumu vizuri tu. Na msidanganyane kwamba bodi inabadilisha sauti. Umeme haujui kama umepita kwenye waya uliofungwa na mama wa California mwaka 1959 au kwenye shaba iliyochapwa na mashine.

Kwa nini za sasa zinasikika kali? Ile sauti anayoisema mzee ilitoka mwisho wa ampu. Zamani hapakuwa na nobu ya masta. Ukitaka ipasuke, yaani sauti ikwaruze, unaifungulia mpaka taa za nguvu zichoke, transfoma ichoke, spika ichoke, na jirani achoke. Marshall walianza kuweka masta mwaka 1975 kwenye ile 2203 ya wati 100. Tangu hapo mpasuko unatengenezwa mwanzoni, kwenye vitaa vidogo, halafu unapunguza sauti utakavyo. Unaupata chumbani bila ugomvi na mwenye nyumba. Lakini ni mpasuko mwingine: una mchanga, hauna nyama.

Na acheni kuabudu wati. Kati ya wati 50 na 100 tofauti ni desibeli 3 tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Ukitoa spika ya desibeli 97 ukaweka ya 100 umepata zilezile 3 bila kuongeza taa hata moja.

La mwisho, umeme wetu ni volti 230. Ya Marekani ya volti 120, iliyoletwa na shangazi, ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha inakwisha palepale. Nitawauzia vipuri vyake.

Kamba Sita
Darasa limeingia, asante. Ila hilo "msidanganyane" umenipiga mimi, maana mimi ndiye niliyesema mazoezini kwamba ya kufungwa kwa mkono inasikika tofauti. Nimezisikia zote mbili. Masikio ni yangu.

Fundi Mzunguko
Spika ilikuwa moja? Zilikuwa kwenye sauti ileile, umepima? Ikizidi kidogo tu kwa sauti, sikio linasema ndiyo tamu. Kama ni ubishi, tufunike zote kwa shuka, spika moja, mtu mmoja apige, sisi tugeuke ukutani. Nina ya mteja ya taa mezani naimalizia, ruhusa nitamwomba mwenyewe. Chalii alete laptopu yake. Jumapili hii hii.

Kobazi
Kuna mpiga gitaa anaitwa Eddie Van Halen, alikuwa anapitisha umeme wa Marshall yake kwenye Variac ili ushuke mpaka kama volti 90 apate ile sauti yake. Alinunua mashine ya kushusha umeme! Huku mtaani kwetu saa moja jioni unashuka wenyewe, bure, na hakuna anayetuita magwiji.

Fundi Mzunguko
Huko kwao ni 120, akaushusha kwa kipimo. Wako unashuka halafu unapanda ghafla mpaka usipopajua. Hapo ndipo kapasita zinapopasuka. Ikinunuliwa ya taa, stebilaiza iwemo kwenye bajeti.

Mangi wa Solo (Moshi, Majengo)
Nimesoma yote. Fundi kwenye wati nimekuelewa. Ila tuseme ukweli. Marshall mnayoiabudu ilianza kwa kunakili Vox, Waingereza kwa Waingereza, kwa hiyo hiyo "ile sauti" ni nakala tangu mwanzo. Mimi kwa solo la dansi na sebene nataka sauti safi, inayopaa, isiyopasuka. Roland JC-120 ilitoka 1975, ni transista tupu, na ukumbi ukiwa nayo mpaka leo husikii mtu akinung'unika. Mpasuko ni wa watu wa roki. Nani kati yetu anapiga roki? Tunapiga harusi.

Halafu kitu kingine. Arusha mna hela ya watalii, vifaa mnanunua, lakini muziki mnausikia kwa majirani. Mji mzima haujawahi kutoa bendi. Ampu ya nini?

Chalii wa Mianzini
Haujawahi nini? Mangi, futa hiyo. X Plastaz wa wapi? Nako 2 Nako wa wapi, Himo? Weusi ni wa Kiboriloni?

Mangi wa Solo
Hao wanachana mistari, na nawaheshimu. Nimesema bendi. Bendi ina magitaa.

Besi ya Njiro
Jamani, roki na JC-120 zilikuwa hoja. Hivi tumefikaje Himo?

Chalii wa Mianzini
Tumefika Himo kwa sababu mtu katoka Majengo asubuhi na dharau zake. Tukutane Jumapili, aje na hilo solo la kupaa.

Mangi wa Solo
Nitakuja. Nauli ninayo, na gitaa langu silikodi.

Chalii wa Mianzini
Nani kasema nakodi?

Mangi wa Solo
Sikutaja jina la mtu.

Kobazi
🤣🤣 mzee amesikia hiyo?

Mzee Rithim
Nimesikia. Ngoja niseme na huyu bwana wa Moshi kwanza.

Mdogo wangu, ninyi mna mlima, mna kahawa, na kwenye historia mnachagua mnachokitaka. Wilson na George Kinyonga, hao vijana wa Tanga waliokuwa Jamhuri Jazz, mwaka 1970 walihamia hapa wakaunda bendi. Iliitwa Arusha Jazz. Haikuitwa Moshi Jazz, haikuitwa Himo Jazz. Walipovuka kwenda Nairobi mwaka uliofuata ndiyo ikaja Simba Wanyika, na humohumo ndimo walimotoka waliounda Les Wanyika mwaka 1978. Kila harusi unayopiga wewe na hilo solo lako safi, kuna rithim ya watu hao ndani yake. Usije kuniambia mji huu haujatoa bendi.

Mangi wa Solo
Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa makini. Kwa hiyo bendi iliundwa na watu wa Tanga, ilikaa Arusha mwaka mmoja, jina ikalipatia Nairobi. Sasa Arusha ilitoa nini hapo, nauli?

Kobazi
Aiseee.

Kamba Sita
Mangi, hiyo imekaa vibaya. Mzee anakupa historia wewe unampa vichekesho.

Mzee Rithim
Mwache. Marahaba yake nampa. Aniambie tu Moshi ilitoa ipi.

Mangi wa Solo
Moshi hatujachangisha watu ampu.

Kamba Sita
Lakini wewe umo kwenye mchango! Jina lako la tatu kwenye orodha, na hujalipa.

Mangi wa Solo
Nitalipa ikijulikana nini kinanunuliwa. Mnataka nilipie mjadala?

Fundi Mzunguko
Turudi kwenye umeme. Marshall haikunakili Vox. JTM45 ya mwaka 1962 ilitoka kwenye Bassman ya Fender, ile 5F6-A. Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma Hanwell, London. Ken Bran na Dudley Craven ndio waliokaa na ile saketi wakaitengeneza kwa vipuri walivyovipata Uingereza. Taa tofauti kidogo, transfoma tofauti, spika tofauti, ikatoka sauti nyingine kabisa. Vox AC30 ni mnyama mwingine, ina taa nne za EL84. Nalisema hili kwa sababu linajibu swali la Kamba Sita. Saketi karibu ileile ikibadilishiwa vipuri ilizaa ukoo mpya, na waliokuwa na Bassman hawakulia kwamba ile si sauti yenyewe. Za sasa nazo zipewe haki hiyo. Na ile ahadi ya shuka bado ipo.

Chalii wa Mianzini
Fundi sawa. Lakini Mangi hajafuta kauli.

Kobazi
Mimi naogopa kitu kimoja tu. Hii ampu ikinunuliwa, yoyote ile, wataikalia ndugu zetu wa kanisani, wapige zile kodi nne za gitaa mpaka taa zisinzie.

Solo la Madhabahuni (Usa River)
Nilikuwa napita kimya kimya. Sasa nimeitwa.

Kodi nne. Nyinyi nyote hapa gitaa mlijifunzia wapi? Nani kati yenu alinunua gitaa lake la kwanza? Mlishika la kwaya, mkafundishwa na mwalimu wa kwaya bila kulipa hata mia, leo mnaitwa magwiji wa harusi mnatucheka. Na hizo kodi nne ziko katika funguo kumi na mbili, maana mwimbishaji anaanza anapojisikia yeye na hakuambii. Njoo Jumapili asubuhi na sebene lako tuone kama utampata.

Besi ya Njiro
Hapo kwa mwimbishaji umesema kweli tupu.

Solo la Madhabahuni
Na kuhusu ampu, kwa kuwa nimeshaamka. Kwetu jukwaani hapatakiwi sauti. Ampu ya taa ikifunguliwa pale inapofaa, safu tatu za mbele hazisikii mahubiri. Naingia moja kwa moja kwenye mikisa, najisikia kwa visikizi. Natumia Kemper, Wajerumani waliitoa mwaka 2011. Kile kifaa hakibuni sauti kichwani kwake. Unakiunganisha na ampu ya kweli, kinapeleka milio, kinasikiliza inarudi vipi, kinaihifadhi. Kwa hiyo anayedharau kidijitali ajue ndani yake kuna ampu ya taa ya mtu, siku ambayo mtu huyo alikuwa ameipanga vizuri. Taa hazichakai, umeme ukitetereka hazibadiliki. Mzee, kwa heshima, wewe ukifumba macho hutajua.

Mzee Rithim
Nikifumba macho nitajua kwa vidole. Mnasikiliza kwa masikio tu. Kuna kitu ampu inamrudishia mpigaji kupitia mbao za gitaa, kifuani hapa. Visikizi havinipi hicho. Unaweza kuwa sahihi kwamba aliyekaa safu ya nyuma hajui tofauti. Lakini anayepiga ni mimi, na nikijisikia vibaya napiga vibaya.

Chalii wa Mianzini
Hiyo ya vidole nakupa, mzee. Hiyo naielewa.

Mzee Rithim
Huna haja ya kunipa.

Kobazi
Mimi narudi kwenye kodi. Nilitania jamani.

Solo la Madhabahuni
Ukitania umetania na mimi nikijibu nimejibu.

Besi ya Njiro
Naomba niseme la kwangu kwa sababu hakuna atakayeliuliza. Uzi mzima huu mnagombania sauti ya solo. Mimi napiga besi. Ampu ya besi ya taa ile ya kweli ni kama Ampeg SVT ya 1969: wati 300, taa 14. Sijaja hapa kuomba mninunulie. Nimekuwa nikichomeka kwenye mikisa miaka yote na hamkuwahi kuuliza kama nina nyama au sina. Mkinunua ya wati 15 ya taa, mimi na mpiga ngoma tukianza tu mtaifungulia mpaka mwisho, na ile sauti safi ya Mangi haitakuwepo, itapasuka atake asitake. Mkinunua ya wati 40 mtaifungulia mpaka mbili kwa sababu ya majirani, na ile nyama ya mzee haitakuwepo. Hilo mmelifikiria, au mmefikiria Himo tu?

Pili, mmehesabu kilo hapa tangu jana. Mwenye gari ni nani? Ni mimi. Kila kifaa cha mazoezi haya kinalala kwenye buti la gari langu, na siku nikikosekana mazoezi hayapo. Kabla hamjaamua taa au kidijitali, amueni inalala wapi.

Kamba Sita
Dada hilo la wati umelipiga pale pale. Nilikuwa nafikiria 22 hivi, zipo zenye taa mbili za 6V6.

Besi ya Njiro
Nimeuliza inalala wapi.

Solo la Madhabahuni
Sisi tuna stoo ina nondo na mlinzi wa usiku. Naweza kuongea na wazee wa kanisa.

Chalii wa Mianzini
Ikilala kanisani itaokoka. Haitoki tena.

Mzee Rithim
Mwanangu wa Usa River, usinielewe vibaya, lakini tuliwahi kuazima kwaya moja ngoma zetu kwa ajili ya mkutano wa injili. Sitaitaja. Ngoma zile zilikaa, zikapakwa rangi, na siku tulipozifuata tukaambiwa zimewekwa wakfu.

Solo la Madhabahuni
Mzee hiyo si sisi.

Mzee Rithim
Sikusema ni ninyi. Nimesema rangi ilikuwa nyeupe.

Mangi wa Solo
Mimi napendekeza izunguke. Wiki mbili Arusha, wiki mbili Moshi. Wa Moshi ni sita kwenye orodha, si wageni. Kuna chumba Majengo kina mlango wa chuma.

Chalii wa Mianzini
Aliyesema Arusha hatuna muziki anataka ampu yetu ilale Majengo. Hiyo chai sinywi.

Mangi wa Solo
Ampu "yetu"? Angalia orodha.

Kamba Sita
Angalia orodha na wewe. Hujalipa.

Fundi Mzunguko
Kama ni ya taa, hilo la kuzunguka nalipinga kama fundi, si kama mtu wa Arusha. Kutoka hapa mpaka Moshi ni kama kilomita 80, na hesabu matuta yaliyoko njiani. Taa ni waya mwembamba ndani ya chupa. Ukiizima ukaipakia ikiwa bado ya moto, kila tuta linaitingisha. Ikianza kulegea ndani inakuwa inasikia kila kitu: unagonga kabati la ampu kwa kidole, inapiga kengele kwenye spika. Na zile risasi nilizozisema juu, hapo ndipo ufa unapozaliwa. Wiki mbili huku, wiki mbili kule, baada ya muda nitakuwa nawadai mimi.

Na jambo ambalo hamjaligusa: ampu ya taa haiwashwi bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutokea inaungua. Kifaa cha watu wengi, kila mtu anachomoa na kuchomeka, siku moja mtu atasahau. Atakayeshika ufunguo awe mmoja na awe analijua hilo. Na asifungue nyuma kuchungulia. Kapasita zinabaki na mia nne na zaidi za volti hata baada ya kuchomoa, hazina utani.

Solo la Madhabahuni
Kwa hiyo fundi wetu mwenyewe katoa sababu zote za kununua kidijitali.

Fundi Mzunguko
Sijasema hivyo. Kidijitali ikifa ubao wake mkuu nakurudishia kasha tupu. Ya taa nikiwa na mchoro wa saketi na vipuri naifufua hapa hapa Kaloleni, hata iwe imezaliwa kabla yangu. Mimi ningenunua ya taa, rahisi, chaneli moja, soketi kwenye chasisi, ikae sehemu moja. Na tena narudia: shuka, spika moja, Jumapili.

Chalii wa Mianzini
Sehemu moja ni Sakina. Imekwisha.

Mangi wa Solo
Haijaisha. Fundi kasema sehemu moja, hakusema Sakina. Na matuta yako barabara nzima, hata sisi tunayapita tukija kwenu kila wiki na magitaa yetu, hamkuwahi kutuonea huruma.

Besi ya Njiro
Kwa kumbukumbu tu: Sakina ni nyumbani kwa Kamba Sita. Yaani mwenye uzi, mwenye orodha na mwenye chumba ni mtu mmoja.

Kamba Sita
Sasa dada unamaanisha nini? Nimetoa chumba changu bure muda wote huu, chai natoa, mama mwenye nyumba nambembeleza mimi, leo naonekana nataka kujimilikisha?

Besi ya Njiro
Namaanisha nilichoandika. Na petroli natoa mimi.

Mzee Rithim
Kamba Sita, mwanangu, punguza. Hajakutukana. Weka hesabu wazi hapa, nani kalipa nani hajalipa, watu watulie.

Kamba Sita
Nitaweka kesho asubuhi. Yote. Na majina.

Kobazi
Mangi kajificha ghafla.

Mangi wa Solo
Nipo. Nasubiri Chalii afute neno "yetu" kwanza, halafu nalipa usiku huu huu.

Chalii wa Mianzini
Wewe ufute "haujawahi kutoa bendi", mimi nafuta "yetu".

Mangi wa Solo
Mwaka mmoja si kutoa.

Mzee Rithim
Anaanza tena.

Mgeni Kijenge
Habari zenu wapenzi wa muziki. Sijasoma yote, ila nina ampu ya taa ya Fender, ndugu yangu kaja nayo kutoka Marekani, haijatumika sana. Nilitaka kuichomeka leo niwatumie video muisikie kabla ya bei.

Fundi Mzunguko
Usiichomeke. Geuza nyuma, soma volti iliyoandikwa, uniambie. Usiichomeke.

Mangi wa Solo
Bei gani? Na Kijenge, ikinunuliwa, inaweza kushushwa Moshi?